Kuongeza mafuta kwenye pampu ya Land Rover 300Tdi: kazi ya pini, springi na skrubu, hatua kwa hatua

Wenye Land Rover za 300Tdi hapa Dar huingia gereji na neno lilelile: "Fundi, gari halivuti." Mjini halina neno, kutoka Tabata hadi Posta linakwenda vizuri tu. Shida inajitokeza siku mwenye gari amefunga tela, au amepakia mifuko 20 ya saruji kupeleka kwenye kiwanja chake Kisarawe. Akiimaliza Pugu na kuanza kupandisha, gia ya nne inakataa, ya tatu inalegea, anaishia ya pili huku nyuma yake foleni imejipanga. Injini hiyo ya lita 2.5, iliyoanza kufungwa kwenye magari mwaka 1994, ilitoka kiwandani na nguvu farasi 111. Kwenye pampu yake ya Bosch VE kiwanda kiliacha nafasi ya kuongeza mafuta, na fundi mwenye subira anaweza kuitumia bila kuishusha pampu.

Nafasi hiyo ina mpaka. Ukitaka kujua mpaka uko wapi, usiitazame pampu, tazama hewa inayoingia kwenye silinda na joto linalotoka kwenye eksozi. Nimeona injini nyingi nzima zikiuawa na mtu aliyejua kuzungusha skrubu ila hakujua kupima, ndiyo maana mwongozo huu una maneno mengi ya kupima kuliko ya kuzungusha.

Ninaongelea pampu ya VE ya kimakanika yenye kifuniko cha diaframu juu. 200Tdi inayo vilevile. Toyota ya 1HD-T ina pampu ya Denso iliyotengenezwa kwa muundo huohuo, kwa hiyo utaitambua ukiifungua, ingawa vipimo vyake ni vingine. Kama 300Tdi yako ni ile Discovery ya automatiki yenye udhibiti wa elektroniki kwenye pampu, juu hutakuta diaframu, na kazi hii haikuhusu. 1KZ-TE ya Toyota na injini zote za komoni reli haziguswi kwa bisibisi. Na mwenye Toyota ya 1HZ ya kawaida isiyo na turbo namwomba aache kabisa: injini inavuta hewa ileile iliyokuwa inavuta jana, ukiiongezea dizeli unanunua moshi.

Pampu inavyopima mafuta

Ndani ya VE kuna plunja moja tu inayolisha silinda zote. Inazunguka na papo hapo inasukumwa mbele na nyuma. Kwa kuzunguka inachagua silinda ipi ipate, kwa kusukumwa inabana mafuta hadi nozo ifunguke. Plunja imevaa kola, yaani pete inayoteleza juu yake. Plunja ikisogea mbele, tundu lililo ubavuni mwake linatoka kwenye kola, presha inaachiwa, mafuta yanakoma kwenda kwenye nozo. Kwa hiyo kola ikisogezwa mbele kidogo, tundu linachelewa kufunguka na silinda inapata mafuta mengi zaidi. Kila tutakachofanya leo kinaishia hapo, kuisogeza kola ile.

Anayeisogeza ni wenzo wa gavana, yaani kidhibiti cha mizunguko ya injini, na wenzo huo hauko huru. Juu ya pampu, chini ya kile kifuniko, kuna diaframu ya mpira iliyoshika pini inayoning'inia kwenda chini. Pini ina sehemu iliyochongwa kama koni, lakini koni hiyo haiko sawa pande zote: upande mmoja umeliwa kina zaidi kuliko mwingine. Kijiti kidogo kilicholala ubavuni kinaigusa koni. Turbo ikiwa bado haijapata presha, diaframu iko juu, kijiti kinagusa sehemu nene ya pini, na wenzo umezuiwa usitoe mafuta mengi. Presha ikija kupitia mpira mwembamba unaotoka upande wa turbo, diaframu inasukumwa chini dhidi ya springi, kijiti kinaingia kwenye sehemu nyembamba, wenzo unaachiwa, kola inasogea. Kiwanda kiliweka utaratibu huu ili mafuta yaje baada ya hewa. Tukiuheshimu, gari litavuta bila kufuka.

Kwanza gari liwe zima

Kijana mmoja aliniletea Defender akitaka pampu iongezwe. Niliupapasa ule mpira mwembamba unaokwenda kwenye diaframu, nikahisi unyevu wa oili kwenye kidole. Nilipoukunja, ufa ukafunguka kama mdomo. Turbo ilikuwa inapuliza hewa nje na diaframu haishuki kabisa. Nikakata mpira mpya, nikaufunga kwa vibano viwili, nikamwambia kaka nenda kajaribu. Alirudi baada ya nusu saa, akasema hataki tena kuongeza kitu.

Kwa hiyo anza hapo. Kagua mpira huo kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha upulize kwa pampu ya mkono yenye geji hadi presha ya baa 1 na usubiri dakika moja. Mshale ukishuka, mpira umepasuka au diaframu imetoboka. Badilisha filta ya dizeli na ya hewa. Mwaga maji yaliyokaa chini ya chombo cha kuchujia. Mabomba makubwa ya hewa kati ya turbo, intakula (kipoza hewa ya turbo) na injini yafungue na uyaangalie kwa ndani, kwa sababu yakilainishwa na oili miaka mingi huanza kubonyea au kuchanika chini ambako huoni. Intakula ikiwa imejaa oili, ishushe uioshe.

Nozo zipelekwe kupimwa. Nozo inayodondosha matone badala ya kunyunyiza ukungu inachoma pistoni yake peke yake hata kabla hujaongeza chochote, na ukiongeza unaiharakisha tu. Rejeta, feni, themostati na pampu ya maji viwe na afya, maana nguvu zaidi ni joto zaidi, na joto la Dar halikusaidii. Klachi iliyozeeka itaanza kuteleza siku ileile utakapomaliza kazi. Mkanda wa taimingi kama hujui ulibadilishwa lini, ubadilishe sasa.

Jambo jingine linahusu mafuta yenyewe. Pampu ya VE inalainishwa na dizeli inayopita ndani yake, haina oili nyingine. Dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa haina ulaini huo, na plunja inasagika kimyakimya. Mtu anayenunua mafuta ya madumu barabarani asihangaike kuongeza nguvu. Pampu yake tayari inakufa.

Geji mbili kabla ya bisibisi

Bila geji hizi mimi siifungui pampu, hata mteja akinisihi. Ya kwanza ni ya presha ya turbo, ambayo ni rahisi: unaweka kiungo cha T kwenye ule mpira mwembamba na kupeleka bomba dogo hadi mbele ya dereva. Ya pili ni ya joto la eksozi, na hii ndiyo itakayookoa injini.

Kipimo chake cha joto kifungwe kwenye manifoldi ya eksozi, kabla ya turbo, pale njia za silinda zinapokutana. Ukikifunga baada ya turbo kitakudanganya, kwa sababu gari likiwa na mzigo joto la pale laweza kuwa chini kwa nyuzi 100 hadi 200. Ili kutoboa, shusha manifoldi. Wapo wanaotoboa ikiwa juu ya injini wakitumaini vumbi la chuma litatoka na moshi. Vumbi hilo linapita kwenye panga za turbo zinazozunguka mara zaidi ya 100,000 kwa dakika, na kipande kidogo kama punje ya mchele kinatosha kuziharibu.

Ukomo wangu ni nyuzi joto 700 za Selsiasi kwa gari linalopanda mlima mfululizo. Aluminiamu tupu inayeyuka kwenye 660 hivi, na ile iliyochanganywa ya pistoni chini ya hapo. Pistoni inasalimika kwa sababu inapozwa na hewa mpya kila mzunguko na na oili inayorushwa chini yake, lakini ulinzi huo una kikomo. Kupita 700 kwa sekunde chache ukimpita mtu, injini itavumilia. Kukaa 750 kutoka chini ya mlima hadi juu, haitavumilia.

Geji zikishakuwa tayari, toka barabarani kabla hujagusa pampu. Mimi hutumia Barabara ya Morogoro kuanzia Kimara kuelekea Kibaha, Jumapili saa 11 alfajiri wakati njia iko wazi. Gia ya nne, kilomita 50 kwa saa, kanyaga mafuta hadi chini, na mwenzako aliyekaa pembeni apime sekunde hadi ufike 80 huku akiandika presha ya juu kabisa na joto la juu kabisa. Rudia mara tatu. Namba hizo ndizo mwanzo wako, na bila hizo hutajua kama ulichofanya kimesaidia au masikio yako yamekudanganya.

Hewa itangulie

Kila kilo ya dizeli inahitaji karibu kilo 14.5 za hewa ili iungue yote, na kwa vile ndani ya silinda vitu havichanganyiki vizuri kiasi hicho, moshi mweusi huanza kuonekana hewa ikishuka chini ya kilo 18 hadi 20. Moshi ni dizeli uliyoilipia kisha ukaimwaga barabarani kwenye mapafu ya mama anayeuza maandazi kituoni. Kwa hiyo tunaanza na turbo.

300Tdi nzima hupuliza karibu baa 1. Kopo la kuachia presha lililo kwenye turbo lina fimbo yenye uzi na nati. Ukiifupisha fimbo, mlango wa kuachia unachelewa kufunguka na presha inapanda. Fungua nati ya kufungia, fupisha kwa mizunguko miwili, funga, jaribu. Turbo ya kiwandani siipitishi baa 1.2. Juu ya hapo inapuliza hewa iliyochemka, intakula inazidiwa, na gasketi ya silinda hedi inaanza kufikiria kuondoka. Kama fimbo imeshafupishwa na presha haipandi hata kidogo, mlango umekwama wazi au kuna mahali hewa inavuja. Paka maji ya sabuni kwenye maungio utafute povu.

Kufungua diaframu

Injini iwe ya baridi. Safisha juu ya pampu kwa brashi na dizeli, kausha kwa hewa; punje moja ya mchanga ikiingia humo itafika kwenye wenzo. Andaa bisibisi bapa inayokaa sawasawa kwenye skrubu, spana namba 10 na 13, tochi, sumaku ya kuokotea, na chupa ya rangi ya kucha. Rangi ya kucha inashika kwenye chuma chenye mafuta kidogo kuliko kalamu yoyote niliyowahi kutumia, na haifutiki na dizeli.

Chora mstari unaopita kutoka kwenye kifuniko hadi kwenye mwili wa pampu. Fungua skrubu 4 za kifuniko kwa zamu, moja kidogo na nyingine kidogo, kwa sababu springi iliyo chini inasukuma. Inua kifuniko. Utaona diaframu, mara nyingi ikiwa na nukta ndogo karibu na ukingo. Weka alama ya rangi kwenye mwili wa pampu mkabala na nukta hiyo. Hapo ndipo nyumbani. Siku yoyote kitu kikienda vibaya, utairudisha nukta kwenye alama na gari litakuwa kama lilivyokuwa.

Sasa shika diaframu kwa vidole viwili, izungushe kidogo kulia na kushoto huku ukiivuta juu taratibu. Itatoka na pini yake. Tangu hapa hadi pini itakaporudi, asiguse mtu ufunguo wa gari. Pini ikiwa nje hakuna kinachozuia wenzo, na injini ikiwaka itapata mafuta yote ambayo pampu inaweza kutoa.

Pangusa pini, iweke chini ya mwanga na uizungushe polepole. Kwenye gari lililotembea sana utaona mfereji mwembamba unaong'aa, upana wa uzi wa kushonea, pale ambapo kijiti kimekuwa kikipanda na kushuka miaka yote. Pitisha ukucha juu yake. Ukucha ukikwama, kijiti nacho kinakwama hapohapo, na dereva anasikia gari likivuta kwa kushtuka badala ya kuvuta kwa ulaini. Angalia pia kipenyo cha koni: upande mmoja unaona chuma kimeliwa kidogo sana, upande wa pili kimeliwa zaidi. Sasa unajua kwa macho yako kwa nini kuizungusha diaframu kunabadilisha mafuta.

Springi na gurudumu la nyota

Chini ya diaframu kuna springi imekaa juu ya gurudumu dogo lenye meno, mafundi tunaliita nyota. Limefungwa kwa uzi, kwa hiyo likizungushwa kwa mwendo wa saa linashuka. Likishuka, springi inalegea na pini inashuka kwa presha ndogo zaidi, yaani mafuta yanakuja mapema. Weka alama kwenye jino moja, kisha lishushe kwa robo ya mzunguko ukihesabu meno. Usipite nusu mzunguko katika jaribio la kwanza.

Wengi hurukia hapa wakalegeza nyota hadi mwisho, na hilo ni kosa. Mafuta yanafika kabla turbo haijaamka, unaondoka kwenye taa za barabarani na wingu nyuma yako, halafu juu kwenye mizunguko mikubwa hujapata kitu. Nyota inapanga mafuta yaje lini. Yaje kiasi gani ni kazi ya pini.

Kuzungusha pini

Rudisha springi, kisha diaframu na pini, lakini safari hii nukta isogee kwa kama moja ya nane ya duara kutoka nyumbani, kuelekea upande ambao sehemu iliyoliwa zaidi itakuwa inatazamana na kijiti. Angalia kwa tochi kijiti kiko upande gani kabla hujashusha. Hakikisha ukingo wa diaframu umekaa sawasawa bila mpira kukunjika. Ukilazimisha pini ishuke utapinda kitu. Itikise kidogo, kijiti kitarudi nyuma chenyewe. Funga kifuniko kwa mkingamo, skrubu hii kisha ile inayoitazama, bila nguvu nyingi, maana mwili wa pampu ni aluminiamu na nyuzi zake hung'oka kirahisi.

Toka ukajaribu, jaribio lilelile, barabara ileile. Andika. Kama joto halijagusa 650 na moshi ni kivuli chepesi tu kinachopotea turbo ikishika, rudi uongeze kipande kingine cha duara. Fanya badiliko moja kwa kila safari, usichanganye nyota na pini siku moja, la sivyo hutajua nani amefanya nini. Magari mengi niliyofanya yalitulia nukta ikiwa kati ya robo na nusu ya duara kutoka nyumbani.

Katikati ya kifuniko kuna skrubu yenye nati yake. Hiyo inaamua diaframu ipumzikie wapi pale ambapo turbo haipulizi, kwa hiyo inagusa mafuta ya kuondokea. Ukiikaza kidogo, gari linaondoka vizuri zaidi likiwa na mzigo. Robo mzunguko hutosha. Moshi mzito wakati wa kuondoka maana yake umezidisha.

Kukereza pini

Ukishafika upande wenye kina zaidi na bado geji ya joto inakuruhusu, pini inaweza kukerezwa koni iwe kali zaidi. Usitumie tupa. Uso wa pini umegandishwa mgumu, tupa inaacha mikwaruzo na inakula upande mmoja, na baada ya miezi michache mfereji unarudi ukiwa na kina mara mbili. Tafuta pini ya pili kwenye pampu chakavu, Shaurimoyo hupatikana, na hiyo ndiyo upeleke kwa mkerezaji. Ya kwako ya asili ifunge kwenye karatasi yenye oili uitunze. Pima kipenyo kwa maikromita sehemu tatu kabla ya kazi. Aondoe sehemu ya kumi ya milimita kwa kila jaribio, amalizie kwa msasa laini sana wenye oili hadi uso uwe kama kioo. Ngazi yoyote ndogo iliyobaki kwenye koni, dereva ataihisi mguuni.

Kama shida yako ilikuwa ule mfereji tu, usikereze. Izungushe pini kijiti kipate njia mpya, uing'arishe kwa msasa laini, basi.

Skrubu ya nyuma

Nyuma ya pampu, karibu na yanapotoka mabomba ya chuma ya nozo, kuna skrubu ya mafuta ya mzigo kamili, imefungwa na nati. Ukiiingiza ndani, mafuta yanaongezeka kila mahali, turbo iwe na presha au isiwe nayo. Ndiyo skrubu ambayo kila mtu anaijua, na ndiyo inayoua injini, kwa sababu haisubiri hewa. Ninaiacha iwe ya mwisho, na kwa magari mengi siigusi kabisa.

Ukilazimika, hesabu nyuzi zinazoonekana nje ya nati, weka alama, shikilia skrubu kwa bisibisi huku ukilegeza nati, kisha ingiza kwa nusu ya robo mzunguko. Sailensi, yaani mizunguko ya injini bila kukanyaga mafuta, itapanda; irudishe kwa skrubu yake yenyewe. Ukiona sailensi haishuki tena, au injini inapanda mizunguko bila mguu, umepita, rudi nyuma mara moja. Kabla ya kuwasha, mwenzako asimame karibu na kipande cha ubao cha kuziba mdomo wa hewa, kwa sababu dizeli iliyokimbia haisimami kwa ufunguo kila wakati. Asizibe kwa kiganja. Dizeli ikianza kulowesha kwenye nati, oringi ya humo imekufa. Ibadilishe, usiikaze kwa nguvu.

Mzee mmoja wa Mbezi aliletewa gari lake kwangu likiwa limebebwa. Alikuwa amepeleka pampu kwenye gereji nyingine, wakaikaza skrubu hiyo, gari likaruka, akafurahi. Halikuwa na geji hata moja. Alifunga tela lenye mashine ya kukoboa akaelekea Mafinga, na mlima wa Kitonga ukamkatalia katikati ya kona. Tulipoinua silinda hedi, ukingo wa pistoni ya tatu ulikuwa umelika kama sabuni iliyosahaulika kwenye beseni. "Mwanangu, mbona lilikuwa linavuta vizuri?" aliniuliza. Nilimwonyesha kwa kidole njia ambayo moto ulipita. Lilikuwa linavuta vizuri, ndiyo, hadi dakika ya mwisho. Joto la eksozi halina sauti ambayo dereva anaweza kuisikia.

Kitonga ina jambo la ziada. Ukitoka Dar unaanzia usawa wa bahari, na ukifika Iringa mjini uko kama mita 1,600 juu, ambako kanieneo ya hewa imepungua kwa zaidi ya asilimia 15. Pampu haijui hilo na inatoa mafuta yaleyale. Gari lililopangwa likakaa 690 kwenye mlima wa Kisarawe litapita 700 kule bila kuomba ruhusa. Anayesafiri nyanda za juu nampangia 640 hapa pwani.

Jaribio la kumalizia

Alfajiri ya Kimara ilikuwa ya kulinganisha namba. Jaribio la mwisho lifanyike mchana, saa 8, jua likiwa kali, gari likiwa na mzigo wake wa kawaida, kutoka Pugu kupanda Kisarawe bila kupumzisha mguu. Mwenzako awe kwenye gari la nyuma akiangalia eksozi. Kivuli cha kijivu unapobadilisha gia kinakubalika. Moshi mweusi unaoendelea hata turbo ikiwa na presha kamili unamaanisha pini irudi nyuma kwa kipande kimoja cha duara. Moshi wa bluu ni oili, na huo haurekebishwi kwenye pampu. Moshi mweupe gari likiwa limeshapata moto upeleke kwenye nozo au taimingi.

Taimingi ya pampu, springi za gavana, skrubu ya mizunguko ya juu na presha ya ndani ya pampu usiviguse ukiwa gereji ya kawaida. Vivyo hivyo wazo la kubadilisha kichwa cha pampu kuweka plunja nene. Kazi hizo zinataka pampu ishushwe na ifungwe kwenye mashine ya kupimia, ambako fundi pampu anaona kila silinda inapata mafuta kiasi gani kwenye glasi yake. Anayekuahidi kuzifanya kwa sikio, mchukulie gari lako uondoke.

Ukiridhika, paka rangi ya kucha kwenye kila nati uliyogusa ili ujue kama kuna mtu mwingine ameishika. Baada ya kilomita 500 rudi uangalie vibano vya mabomba ya hewa, kiwango cha maji na kama kuna unyevu wowote kuzunguka kifuniko. Oili ya injini ibadilishwe mapema kuliko ulivyozoea, kwa sababu masizi yameongezeka. Kisha chukua karatasi, andika nukta iko umbali gani kutoka nyumbani, nyota imeshuka meno mangapi, presha ya juu, joto la juu na tarehe, uiweke kwenye droo ya dashibodi pamoja na ile pini ya asili.